Trafiki anahitaji sababu gani kukusimamisha?

Madereva wengi huku Mbeya wanaangalia zile video za Marekani, jamaa kasimamishwa, kashusha kioo kidogo tu, anamuuliza polisi "umenisimamisha kwa kosa gani?" halafu kesho yake naye akifika Uyole anataka kumletea afande mambo hayohayo. Oya, sheria ni mbili tofauti kabisa.

Kule kusimamishwa tu tayari wanahesabu umeshikiliwa, kwa hiyo Katiba yao, yale Marekebisho ya Nne yanayokataza kukamatwa na kupekuliwa ovyo, inaanza kazi kabla hujaombwa hata leseni. Polisi lazima awe ameona kitu, kosa la barabarani au dalili za kueleweka za uhalifu, machale peke yake hapana. Kesi ninayoipenda ni Delaware v. Prouse ya 1979, askari anaulizwa kwa nini ulisimamisha ile gari, anajibu hakuwa na kazi nyingine muda ule (nilicheka sana aisee). Bangi aliikuta sakafuni mwa gari, iko waziwazi, na bado Mahakama ya Juu ikasema isitumike kama ushahidi, maana huwezi kuchomoa gari moja kwenye foleni eti unajisikia tu kukagua leseni.

Ila msiwaonee wivu sana, sababu yenyewe inayotakiwa ni nyepesi mno. Mwaka 1996 kwenye kesi ya Whren mahakama ileile ikasema ukikata kona bila indiketa inatosha, hata kama moyoni askari alikuwa anawinda madawa, nia yake haiulizwi. Halafu 2014 ikaja kesi ya Heien, gari imesimamishwa North Carolina sababu taa moja ya breki imekufa, kumbe sheria ya jimbo inadai taa moja tu iwe inawaka, yaani kosa halikuwepo! Majaji wakasema sawa tu, kukosea kwake kunaeleweka. Sasa kwa vigezo hivyo niambie daladala gani ya Mwanjelwa ingefika mwisho wa ruti.

Huku kwetu ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Trafiki mwenye sare akinyoosha mkono unasimama, basi, hana haja ya kukushuku kwanza, ndo maana toka Igawa mpaka Tunduma unasimama weee mpaka unachoka.

Kwa hiyo "umenisimamisha kwa nini" haikusaidii, unamkera tu mtu wa watu kwenye jua. Pa kukomaa ni kwenye kosa. Kukusimamisha ni rahisi ila kukuandikia faini lazima pawe na kosa lenye jina, liandikwe, na ulipe kwa kontroo namba sio kumshikisha mkononi. Kakupiga tochi kwenye 50? Mwambie kwa adabu, shikamoo afande, naomba nione picha na spidi yenyewe, na kibao kiko wapi. Na usipolikubali kosa una haki ya kusema twende mahakamani, hulazimiki kulipa palepale. Tatizo sasa una abiria kumi na tano nyuma wanapiga kelele, na jioni bosi anataka hesabu yake kamili, kesi utaendea saa ngapi?