Mpinzani Anapovuta Muda: Ijue Saa Kabla ya Kukasirika

Hali yenyewe kila mcheza chesi wa mtandaoni anaijua. Mchezo ni wa dakika 10 kwa kila mmoja, bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua. Wewe umebakiwa na dakika 1 na sekunde 15, mpinzani ana dakika 6 na sekunde 40, na hatua ijayo unampa mati, yaani unamnasa mfalme wake na mchezo unaisha. Ameshaiona. Basi anaganda: hachezi, hasalimu amri, haombi sare, haondoki. Saa yake inatembea tu.

Hangoji muujiza ubaoni. Anavizia usiwepo. Akikaa dakika 6 na nusu kisha akacheza zikiwa zimebaki sekunde chache, saa inahamia kwako, nawe una sekunde 75 za kugundua kwamba zamu ni yako. Kama umefungua ukurasa mwingine au umelaza simu kifudifudi, zinayeyuka, na mchezo ulioushinda unaandikwa umeshindwa. Hiyo ndiyo faida pekee anayoweza kuipata. Kilichobaki ni kutaka kukukomoa.

Kwa hiyo kazi yako ni ndogo: uwepo, na usikatike. Kwenye simu, skrini ikijizima au ukihamia programu nyingine, muunganisho na seva unaweza kukatika, na sasa wewe ndiye unayeonekana umetoroka. Kwenye baadhi ya seva yeye anaweza kupewa ushindi, na hana kosa. Zuia skrini isijizime, pandisha sauti ya hatua, uache mchezo wazi. Kwenye kompyuta unaweza kusoma kitu pembeni mradi sauti unaisikia.

Pia kuna hatua ya mapema, ile unayoiweka kabla ya zamu yako na inachezwa yenyewe zamu ikifika, kama bado ni halali. Inasaidia sana hapa, lakini inaua pia. Kabla ya kuiweka, hesabu hatua zote halali alizo nazo mpinzani. Akiwa na moja, weka ulale. Akiwa nazo nne, ipime hatua yako dhidi ya kila moja. Mfano: mfalme wake yuko g8, nawe umeweka malkia atue g7 akilindwa na askari wako wa f6. Ikiwa ana namna ya kumla huyo askari, malkia atatua g7 bila mlinzi na mfalme atamla. Umetoka kwenye mati ukaingia kwenye kilio, kwa haraka isiyo na sababu. Angalia na sare pia: usije ukamwacha hana hatua halali hata moja ilhali mfalme wake hashambuliwi. Kama hesabu haikutoshi, usiweke kitu. Sekunde 75 ni nyingi kwa mtu aliye macho.

Akitoka kabisa, mambo yanakuwa mepesi. Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, kwa mfano, huhesabu sekunde kurudi nyuma, kisha hukupa uchaguzi wa kudai ushindi au kuita sare. Chess.com nayo ina hesabu yake kwa anayeuacha mchezo. Tatizo ni kwamba wazoefu wa kuzuga wanalijua hilo, ndiyo maana wanabaki wameunganishwa, wamekaa kimya. Hapo hakuna kitufe cha kukuokoa. Saa yake ndiyo itakayomaliza.

Wala usimwandikie. Neno lolote utakalotuma linamwambia kwamba dawa imeingia, na likiwa la matusi, ripoti itakayosomwa kwanza ni yake. Zima gumzo. Lichess ukibonyeza herufi z kwenye kibodi, majina, viwango na gumzo vinatoweka, linabaki ubao na saa.

Tutenganishe jambo moja, maana watu wengi wanalichanganya. Anayefikiri polepole havunji sheria. Muda ulio kwenye saa yake ni mali yake, na mtu aliyepoteza malkia ana haki ya kukaa dakika 3 akitafuta pa kushika. Dalili za kuvuta muda ni nyingine: ana hatua moja tu halali na bado anakaa dakika 4, alikuwa anacheza kwa sekunde 5 kila hatua mpaka alipokosea, ghafla akaganda, au mchezo baada ya mchezo, akielekea kushindwa, saa inaachwa hadi sifuri. Dalili ya tatu ndiyo nzito, na wewe huwezi kuiona kutokana na mchezo mmoja. Seva inaiona. Ndiyo maana seva kubwa huwafungia kwa muda wale wanaorudia kuacha saa iishe, hata kama hakuna aliyelalamika.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe, kwa sababu uchaguzi wa saa unazuia vurugu nyingi kuliko ripoti zote. Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa chesi duniani, alipata hataza ya saa yenye nyongeza nchini Marekani mwaka 1989, na ikatumika kwenye mechi yake ya marudiano na Boris Spassky mwaka 1992. Kila ukicheza unaongezewa sekunde kadhaa. Watu hudhani nyongeza inatibu kila aina ya ucheleweshaji. Haitibu. Anayeganda anatumia muda wa msingi, na nyongeza haimgusi. Inachotibu ni yule anayezungusha ngome huku na huko kwenye ubao usio na chochote, akingoja saa yako iishe.

Kwa hiyo angalia namba mbili kwa pamoja: dakika za msingi, kisha sekunde za nyongeza. Lichess hukadiria muda wa kila mchezaji kwa kuchukua muda wa msingi na kuongeza nyongeza mara 40. Mchezo wa 10+0 ni sekunde 600. Wa 5+3 ni 300 na 120, jumla 420. Wa 3+2 ni 260. Kama kugandiwa kunakuchosha roho, 5+3 ni bora sana kuliko 10+0: msingi ni nusu, kwa hiyo muda anaoweza kukukalia unapungua karibu nusu, na wakati huohuo mwisho wa mchezo una nyongeza ya kukulinda. Sielewi kwa nini 10+0 bado inapendwa kiasi hiki. Ina ubaya wa pande zote mbili.

Ukiwa tayari umenasa kwenye mchezo usio na nyongeza, na mwenzako anazungusha ngome kukumaliza muda, zijue kanuni za sare. Hali ileile ya ubao ikitokea mara 3, ni sare. Hatua 50 za kila upande bila askari kusogea wala kitu kuliwa, ni sare. Kwenye kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, hizo mbili lazima uzidai. Zinazokuja zenyewe, tangu mwaka 2014, ni hali kurudi mara 5 na hatua 75. Seva nazo hutofautiana: nyingine inatoa sare yenyewe mara ya 3, nyingine inangoja ubonyeze. Soma ya seva yako kabla hujabanwa. Na hesabu hii inafaa kuikumbuka: kwenye Chess.com hatua ya mapema inakula sekunde 0.1, kwenye Lichess haili kitu. Hatua 50 za mapema ni sekunde 5 kwa ya kwanza, sifuri kwa ya pili. Mwenye sekunde 8 na mfalme aliye salama bado anaweza kufika kwenye sare, mradi asiweke hatua ya mapema inayompa mtu ngome ya bure.

Kumaliza muda wa mpinzani kwenye mchezo usio na nyongeza, kwa maoni yangu, si utovu wa uanamichezo. Mlikubaliana saa hiyo. Anayelia baada ya kushindwa kwa muda akiwa na malkia wa ziada alitumia dakika zake kumpata huyo malkia.

Michezo ya karata ina ugonjwa tofauti kwa sababu saa yake ni ya namna nyingine. Hearthstone inatoa sekunde 75 kwa zamu, na zikibaki 20 utambi unaanza kuwaka katikati ya meza. Muda usiotumika haujumlishwi, na uliotumika haukatwi popote. Mtu anaweza kuuchoma utambi kila zamu: zamu 10 mara sekunde 75 ni dakika 12 na nusu, za kwake peke yake. Magic Online, toleo la mtandaoni la mchezo wa karata wa Magic, ilichagua njia ya chesi: kila mchezaji ana dakika 25 kwa mechi nzima, na anayezimaliza anashindwa mechi. Ukitaka kuchelewesha hapo, unajichelewesha mwenyewe.

Kwenye mchezo wa utambi usilipize. Ukichoma wako kumjibu, umempa anachotaka na mchezo umekuwa mrefu mara mbili. Tumia muda wake kupanga zamu yako kikamilifu, hata zamu mbili mbele, halafu cheza ndani ya sekunde 10. Ikiwa unacheza kupanda daraja na muda wako ni haba, chagua seti ya karata inayomaliza mapema. Mpinzani anayechoma utambi ataweza kuuchoma zamu 6 badala ya 14.

Saa mbaya kuliko zote ni ya pamoja, ile inayohesabia raundi nzima bila kujali nani anaila. Mechi za Magic mezani huwa na dakika 50 kwa raundi, kisha zamu 5 za ziada, na aliyeshinda mchezo wa kwanza ana kila sababu ya kutembea kama kobe katika wa pili. Kanuni zao zimelifikiria hilo: kucheza polepole bila nia mbaya kunapewa onyo, kuchelewesha makusudi kunamwondoa mtu mashindanoni. Nia ndiyo mpaka, na ni vigumu kuithibitisha, kwa hiyo mwite mwamuzi mapema, dakika zikiwa bado zipo. Ukimwita baada ya kengele, hana cha kukurudishia.

Kwenye Pokémon Showdown, tovuti ya mapambano ya Pokémon, saa haianzi yenyewe kwa kawaida. Mmoja wenu lazima aiwashe kwa kitufe cha muda. Iwashe zamu ya kwanza, kila mara, bila maelezo. Ukiiwasha katikati baada ya kugandiwa, umeshapoteza dakika kadhaa, na mwenzako anajua umekasirika.

Go, mchezo wa ubao wa kuzingira eneo kwa mawe, ina kisa chake. Mchezo umeisha, mipaka imefungwa, lakini mpinzani hataki kupasi, yaani kuachia zamu bila kuweka jiwe; anaendelea kutia mawe ndani ya eneo lako. Usijibu kila jiwe. Kwa hesabu ya Kijapani, jiwe analolitia bure ndani ya eneo lako ni mateka wako, pointi moja. Ukipasi, umefaidika, ukijibu ndani ya eneo lako bila sababu, umeirudisha hiyo pointi. Kabla ya kila pasi jiulize swali moja tu: akiongeza jiwe la pili hapo, kuna kitu kitakufa? Kama kipo, jibu. Kama hakipo, pasi. Na ikiwa muda wa msingi ukiisha kila mmoja ana vipindi 5 vya sekunde 30, kumbuka kwamba anayecheza ndani ya sekunde 30 hapotezi kipindi. Saa haitammaliza, ni kupasi kwako tu.

Kwenye michezo ya timu, mambo ya kuvuta muda ni machache, ya kuharibu mchezo ni mengi: kusimamisha mchezo ovyo, kukaa kambini bila kucheza, kujiua makusudi. La msingi ni usiwe wa kwanza kutoka. Kwenye Dota 2 aliyekatika zaidi ya dakika 5 anahesabiwa ameitelekeza mechi, na ukimfuata kwa hasira kabla mchezo haujatangaza kwamba ni salama kutoka, adhabu inakuwa yenu wote wawili. Counter-Strike imejulikana kwa ngazi za kufungiwa zinazopanda: dakika 30, saa 2, saa 24, siku 7. Mzime sauti mharibifu, cheza na waliobaki, ripoti baada ya mechi.

Ripoti nzuri haizidi sentensi mbili. Namba au kiungo cha mchezo, namba ya hatua, muda wa saa zote mbili, kilichotokea. «Hatua ya 34, ana 6:40, ana hatua moja halali, hakucheza hadi saa ilipoisha.» Chagua kundi sahihi; ripoti ya kuvuta muda ikipelekwa kwenye kundi la udanganyifu inakwenda kwa watu wasiohusika. Tuma mara moja. Usiandike unavyomwonea hasira wala usitaje kiwango chake.

Kama unaendesha ligi ndogo ya marafiki, andika mambo haya kabla ya raundi ya kwanza: asiyefika ndani ya dakika 10 ameshindwa, kila mchezo una nyongeza, aliyekatika ana dakika 3 za kurudi, mara moja kwa mechi, kila timu ina ruhusa 2 za kusimamisha, dakika 5 kila moja, malalamiko yanapokelewa ndani ya dakika 15 baada ya mechi yakiwa na picha ya skrini inayoonyesha saa, na jina la mtu mmoja mwenye uamuzi wa mwisho, asiyecheza mechi inayobishaniwa. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachovunja ligi.

Mchezo ukiisha, mzuie na uanze mwingine. Kumzuia kunakata ujumbe na changamoto zake, ingawa kwenye mashindano mnaweza kupangwa tena. Ombi lake la marudiano likija, likatae. Wengi wao huliomba.