Siku moja ya fundi sabufa anayepika biti, Mwanza

Saa 11 na nusu alfajiri

Huku Mabatini juu nyumba zimepandana na mawe, na sauti haina pa kujificha. Ukifungulia spika saa hizi, mtaa mzima wa chini unajua una shida gani. Kwa hiyo alfajiri yangu ni ya hedifoni, laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa, FL Studio, programu ya kupikia biti, yaani midundo ya muziki, imefunguliwa, na watoto wa dada yangu wamelala nyuma ya pazia. Jua la Mwanza linachelewa kuliko la Dar. Mpaka kupambazuke vizuri ninakuwa nimepata saa nzima yangu mwenyewe.

Kilichopo mezani ni gitaa. Mzee mmoja wa Pasiansi aliniletea ofisini redio kaseti iliyomeza mkanda. Nilipouchomoa nikakuta ni dansi la zamani, limerekodiwa kutoka redioni, mtangazaji anakatwa katikati ya jina la bendi. Nikamwomba, "Shikamoo mzee, naomba ninakili huu mkanda." Akanijibu, "Nakili tu mjukuu wangu, mradi redio yangu iimbe."

Wanaosampo dansi, yaani kukata vipande vya nyimbo na kuvipikia biti, wengi wanakimbilia chemko, pale wimbo unapochanganya na watu wanainuka. Mimi chemko sigusi. Pale kila mtu anapiga kwa pamoja, magitaa, tarumbeta, tumba, na ukikata kipande unakata umati. Ninachotafuta kiko kabla ya hapo: waimbaji wamenyamaza, tarumbeta hazijaingia, gitaa la solo linajibizana na la rizimu, besi inatembea chini taratibu. Kwenye mkanda wa mzee hiyo sehemu ina sekunde tano hivi. Zinanitosha.

Tatizo ni kwamba hilo gitaa halikai kwenye noti yoyote ya kinanda. Kaseti inatakiwa ipite kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mkanda wa mpira wa ndani ukilegea, mashine inazubaa, kama ya mzee nilivyoikuta, na kila kitu kinashuka. Ikizubaa kwa asilimia 3 tu, noti inaanguka karibu nusu ya nusu toni. Yaani iko katikati ya ufunguo mweupe na mweusi, na ukiweka besi ya kawaida chini yake meno yanauma. Wengi hapo wanalipandisha gitaa mpaka likae sawa na kinanda. Mimi nimeliacha gitaa lilivyo, nikaishusha besi senti 50, yaani hiyo nusu ya nusu toni, ikalifuata. Gitaa ndilo lililotangulia kuzaliwa, besi yangu ni ya jana.

Tempo 88, mapigo kwa dakika. Kiki ya kudunda, sneya ya kupasua, hakuna haihati, ile sahani ya "ts ts", kwa sasa.

Saa 1 na robo asubuhi

Chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Ngazi za mawe mpaka chini, "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kwa bibi anayeuza karanga, daladala, mjini.

Saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana

Ofisi yangu ni meza na kabati la vioo upande wa Makoroboi. Natengeneza redio, amplifaya, na zaidi ya vyote sabufa. Kama unataka kujua kwa nini biti za vijana wa mji huu zina besi inayogonga kifua, usiwaulize maprodyuza, njoo ukae na mimi asubuhi moja uone wateja. Mtu analeta sabufa koili imeungua, harufu yake inakupokea kabla ya salamu, na sentensi yake ya kwanza ni "fundi, nataka igonge kuliko mwanzo". Hakuna aliyewahi kuniomba sauti ya kati isikike vizuri.

Ila sabufa za namna hii zina uongo wao. Boksi lake lina noti moja ambayo linaipenda, na besi yako ikipita kwenye hiyo noti inavuma, ikipita nyingine inanywea. Prodyuza aliyezoea kusikilizia hapo anashusha noti inayovuma na kupandisha inayonywea, halafu akienda kwenye gari la mtu anakuta mdundo umepinda. Ndiyo maana mimi biti yangu inapita mezani mara tatu: kwenye sabufa ya mteja iliyopona, kwenye redio ndogo ya betri, na kwenye simu. Simu ndiyo hakimu mkali. Chini ya hezi 200 spika ya simu nyingi haina cha maana inachotoa, kwa hiyo kiki yako nzito uliyoihangaikia inabaki "tik". Dawa ni kuichafua kidogo besi, kuikwaruza ili izae sauti za juu yake. Sikio likisikia hizo za juu, chini linajijazia lenyewe.

Redio ya mzee wa Pasiansi nimeimaliza leo. Mpira mpya, kisha hedi: pamba kwenye kijiti, spiriti, unazungusha taratibu. Pamba ya kwanza ikatoka na kutu ya kahawia, ya pili njano, ya tatu nyeupe. Nikaweka mkanda wake. Ajabu, muziki ukapanda. Sasa unakimbia inavyotakiwa, waimbaji wamekuwa vijana zaidi na gitaa lile limekaa juu ya noti yake halisi. Nikabaki na magitaa mawili, la alfajiri lililozubaa na la mchana lililonyooka, na ukweli ni kwamba lile lililozubaa ndilo lenye uzito. Sibadilishi.

Mchana ugali wa muhogo na sato kwa mama lishe wa nyuma. Umeme ukakatika saa 7, ukarudi saa 8 kasoro. Biashara ikaendelea.

Saa 11 jioni, Kirumba

Ijumaa ni kikao chetu wapika biti. Chumba kiko nyuma ya saluni, hatua chache kutoka uwanja wa CCM Kirumba, na upepo ukitoka Mwaloni, soko la samaki, unaingia na habari zote za dagaa. Tunaitana kwa mitaa: mwenye chumba ni Kirumba, kuna Igoma, Bwiru, Mkolani ambaye ni mwalimu wa kwaya, na Malimbe, dada anayesoma chuo huko, ambaye hapiki biti kabisa. Yeye anaandika mistari. Baadhi ya wenzetu walinung'unika alipoanza kuja. Mimi naona bila yeye tungekuwa tunapongezana tu.

Taratibu zetu ni chache. Laptopu inageuziwa ukuta, kwa sababu mtu akiona skrini anaanza kukosoa rangi za mistari badala ya sauti. Mwenye biti hafungui mdomo mpaka ipite mara mbili. Na ukisema "kali" lazima useme wapi.

Igoma akaanza. Mwezi Juni alikwenda Bujora, Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo, pale Bagalu na Bagika, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, wanaposhindana kucheza ngoma, akarekodi ngoma za Kisukuma kwa simu. Hakuzikata kama lupu, kipande kizima cha kujirudia. Alichukua pigo mojamoja, zito, jepesi, la ukingoni, akayapanga upya juu ya tempo yake. Ni kazi kubwa na ya busara, kwa sababu wapigaji wale wanaongeza kasi kadri wachezaji wanavyopata moto, na ukichukua kipande kizima kinakukimbia. Juu yake akaweka filimbi, kinanda, sauti ya umati, na besi mbili. Chumba kilipiga kelele. Mkolani alisimama.

Akafuata Bwiru. Yeye ana kipande cha soul ya Marekani, sauti ya mwanamke imepandishwa, na juu yake amemwaga mchakacho wa santuri wa kununua. Hapo ndipo tulipomkalia.

"Huo mchakacho wa nini?" Kirumba akauliza.

"Ladha ya zamani, kaka. SP-1200."

Kirumba ni msomaji wa hizi mambo, akamshukia. Mashine ya kusampo ya E-mu SP-1200 ilitoka mwaka 1987, ya "bit" 12, kipimo cha ubora wa sauti ya kidijitali, na sampo zake zote kwa pamoja zilikuwa sekunde 10 tu. Jamaa wa New York walikuwa wanazungusha santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili iingie haraka, kisha wanaishusha ndani ya mashine, na ule ukwaru ukatokea humo. "Wenzako walibanwa na nafasi," akamwambia. "Wewe una gigabaiti mia mbili na unajibana kwa hiari. Ukwaru wao ulitokana na kubanwa, wako umetokana na duka."

Mkolani akaongeza kwamba haihati zimenyooka mno. Wakabishana swingi, ule mdundo wa kuyumba. Hili jambo Roger Linn aliliweka kwenye mashine zake kwa njia rahisi sana: kila noti ya pili kati ya zile fupi inachelewa kidogo. Asilimia 50 ni mnyooko kabisa, 66 ni ya kudunda kwa tatu, na uhai mwingi wa hip hop uko katikati. Bwiru alikuwa 50. Akakubali kupeleka 57, akapiga, na kweli shingo zikaanza kutikisika. Lakini hukumu ya chumba ikabaki palepale, biti nyembamba, haina kitu.

Yangu ikaja ya tatu. Mkolani sikio lake la kwaya lilinikamata ndani ya baa mbili, yaani mapigo manane.

"Mwanangu, hii iko kati ya noti."

Nikasubiri ipite mara ya pili kwa sheria, nikaeleza habari ya mkanda. Akasema mwimbaji wa kiitikio atateseka, atalipata wapi hilo gitaa kooni? Hoja nzito. Lakini mtu haimbi kwa funguo za kinanda, anaimba kwa kusikia, na akipewa gitaa pekee masikioni atalifuata tu. Kwaya yake mwenyewe ikiimba bila kinanda inashuka pole pole na hakuna muumini anayelalamika. Hilo nililimwambia, akacheka, hakukubali.

Kisha likaja swali ambalo kila mwezi linarudi. Hii ikitoka, itakuwaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na wimbo wa zamani una wenyewe mara mbili: mwenye tungo na mwenye rekodi. Marekani wengi walikuwa wanachota bila kuuliza mpaka mwaka 1991, mahakama ya New York ilipomwangukia Biz Markie kwa sampo ya Gilbert O'Sullivan, na tangu hapo maprodyuza wakaanza kukata vipande vidogo zaidi au kulipa. Mkolani akapendekeza nimchukue mpiga gitaa wa kanisani aurudie upya. Hapo ningekuwa nimejinasua upande wa rekodi, tungo ingebaki na mwenyewe, ruhusa ningebaki naidai. Tena ningepoteza kile kilichonivuta, mkanda uliochoka. Kwa sasa biti inabaki ya kikaoni, na mimi natafuta jina la bendi.

Baada ya hapo Malimbe akatoa daftari.

Akaomba biti ya Igoma kwanza, ile iliyosimamisha watu. Akaingia baa nne, akasimama. Akajaribu tena kwa sauti ya juu zaidi. Filimbi inamjibu kabla hajamaliza, umati unamfunika mwisho wa mstari, na ngoma nzito inaangukia palepale anapoweka neno la vina. "Kaka Igoma, hii biti inaongea yenyewe," akasema. "Mimi hapa naongeza nini?"

Akaomba ya Bwiru. Ile nyembamba. Akaandika dakika kama kumi, sisi tunakunywa soda, kisha akapiga baa 16 mfululizo juu yake, za mama anayeanika dagaa huku anamsikilizia mwanaye matokeo ya mtihani, na hakuna aliyeukumbuka mchakacho tena. Sauti ya yule mwanamke wa soul ilikuwa inaibuka mwisho wa kila baa nne tu. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya Malimbe.

Nilimwangalia Kirumba, akaangalia dari.

Sisi maprodyuza tukikosoana tunahesabu kilichoongezwa, kwa sababu tunajua kila tabaka limegharimu usiku wa mtu, na kelele tunampigia aliyehangaika zaidi. Mwandishi wa mistari anasikiliza mashimo. Biti ya Igoma ni nzuri mno na ingefaa kwenye filamu au uwanjani, nasema hivi bila kejeli. Lakini alituambia ni biti ya kurap. Nikapendekeza kuanzia Ijumaa ijayo Malimbe ajaribu kwanza, halafu sisi ndiyo tuseme. Igoma alipinga. Bwiru, cha kushangaza, naye alipinga, akasema ataanza kupikia mtu mmoja. Hatukuafikiana, na saluni ilikuwa inafungwa.

Saa 3 na nusu usiku

Yangu Malimbe hakuijaribu, muda ulikwisha. Nikampa kwenye flashi.

Daladala imejaa, nimeshukia chini, ngazi zote zile kwa miguu. Dada ameniwekea ugali na dagaa chini ya sahani. Nimekula huku nimevaa hedifoni, jambo ambalo nimefokewa nalo tangu nikiwa mtoto na sijawahi kubadilika.

Nimeisikiliza biti kwa kunong'ona mistari ya uongo juu yake, maneno yoyote tu, kuona ninapogongana na nini. Gitaa la solo linaingia baa ya 3 na ya 7. La baa ya 3 nimelifuta, pamebaki rizimu na besi. La 7 nalipenda kupita kiasi, pale kidole cha mpigaji kinateleza kwenye waya na unasikia mkwaruzo wake kabla ya noti. Nimeliacha.

Saa 5 kasoro simu ikalia. Malimbe, ujumbe wa sauti: "Kaka, habari za usiku. Nimefika baa ya sita vizuri kabisa. Hapo ya saba kuna gitaa linanikatiza, naomba ulitoe."

Nimemjibu kwamba la 7 halitoki, ahamishe pumzi. Amesema tutaonana Ijumaa.