Nilivyofikia Uamuzi wa Kupasuliwa Pua Mara ya Pili

Nilifanyiwa upasuaji wa pua kwa hiari yangu, nikiwa na umri wa miaka 31, ili kuondoa kinundu nilichokipata utotoni nilipoanguka kwa baiskeli. Miezi minne baadaye pua ilikuwa imebonyea upande wa kushoto, ncha ilikuwa nene kuliko awali, na usiku nilikuwa nikipumua kwa mdomo. Kiangazi, vumbi la Tabora linapotanda, niliamka kila alfajiri koo likiwa limekauka.

Nilitaka kurudi kupasuliwa mwezi uleule. Aliyenizuia ni shangazi yangu, muuguzi mstaafu anayeishi Cheyo. "Mwanangu, kidonda cha nje kimefunga, cha ndani bado kibichi. Kiache kwanza." Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa si yeye aliyekuwa akikwepa kupigwa picha kwenye mahafali ya shule. Hata hivyo, daktari bingwa wa masikio, pua na koo niliyemfuata Mwanza alisema vivyo hivyo: uvimbe wa ncha ya pua ndio wa mwisho kuondoka, kwa kawaida husubiriwa angalau miezi 12 kabla ya kupasua tena, na mwenye ngozi nene kama yangu huenda akangoja zaidi.

Kisha akaniambia nilivute shavu la kushoto kuelekea sikioni kwa vidole viwili huku nikivuta pumzi. Hewa ilipita bila shida, nami machozi yakanitoka, kwani nilikuwa nimesahau pumzi kamili inavyokuwa. Alieleza kwamba kinundu kilipoondolewa, gegedu za pembeni, yaani zile sehemu ngumu za pua zinazopindika, zilipoteza mahali pa kushikilia na kuporomokea ndani, zikaibana njia ya hewa katika sehemu yake nyembamba kuliko zote. Tiba yake ni kupachika vipande vyembamba vya gegedu kando ya ukuta wa kati ili kuitanua njia hiyo.

Aliomba taarifa ya upasuaji wa kwanza, ambayo sikuwa nayo. Niliiandikia barua hospitali iliyonipasua, na wiki tatu baadaye nikaipata. Ilionyesha kwamba gegedu ya ukuta wa kati, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kwanza, ilikwisha kutumika kuitegemeza ncha. Ilibaki ya sikio, ambayo ni laini na imepinda, au ya ubavu, ambayo ni imara lakini huacha kovu kifuani na huweza kujipinda baadaye. Kwa kuwa kazi ya kufanywa puani mwangu ilikuwa ndogo, daktari aliona ya sikio ingetosha.

Katika muda wote wa kungoja nilipiga picha kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, dirisha lilelile, kwa umbali uleule: mbele, pande zote mbili na kutoka chini. Kufikia mwezi wa 14 ncha ilikuwa imepungua yenyewe, na ile ndiyo iliyokuwa imenikosesha usingizi zaidi. Bonde la kushoto halikubadilika, wala pumzi.

Kwa hiyo nilimwandikia daktari kwamba ninaomba njia ya hewa ifunguliwe, na ncha isiguswe kabisa. Nimepangiwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na shangazi ameshasema kwamba tutasafiri pamoja.