Theluji ya Vemork imekubali, na sikuitengeneza mimi

Fremu ya 213 mpaka ya 286 zimepita bila theluji kutikisika. Sabini na nne. Saa saba usiku sasa, vidole vinaniwasha kwa chumvi, na sitaki kulala kabla sijaandika nilifanyaje, maana najijua: asubuhi nitakuwa nimesahau nusu.

Kwa aliyeingia leo tu: natengeneza filamu ya vikaragosi, picha moja moja, ya dakika nne, kuhusu usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943 kule Vemork, Norwei. Wajerumani walikuwa wameikalia nchi tangu Aprili 1940, na kiwanda cha Norsk Hydro karibu na mji wa Rjukan kilikuwa kinawapa maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito kuliko ya kawaida, waliyoyataka kwa utafiti wao wa nyuklia. Wanorwei tisa waliofundishwa Uingereza wakaenda kuyamwaga. Daraja lilikuwa na walinzi, kwa hiyo wakashuka korongoni, wakavuka mto Måna, wakapanda ukingo wa pili mpaka kwenye reli ya kiwanda. Filamu yangu inaanzia hapo relini. Ndege na miavuli ya kurukia sina uwezo navyo, na meza yangu ina urefu wa mita moja na robo.

Reli nilimaliza mwezi wa kwanza. Makomando wote tisa wana sentimita kumi kila mmoja, na mavazi yao meupe ya juu nimeyakata kwenye kanzu ya marehemu babu iliyokuwa imechanika kwapani. Kilichonikalia kooni ni theluji.

Nimezaliwa Tanga. Theluji nimeiona mara moja, juu ya Kilimanjaro, kupitia dirisha la basi pale Moshi, na konda alikuwa ananizuia kuona vizuri. Kwa hiyo kichwani mwangu theluji ni kitu cheupe, kikavu, laini kama unga, na hapo ndipo nilipopotelea wiki sita nzima.

Nilianza na unga wenyewe, wa ngano. Siku ya pili sisimizi walikuwa wanafuata reli kwa mstari ulionyooka kuliko wa makomando wangu. Nikasaga povu jeupe la kwenye boksi la televisheni; likaganda kwenye nguo, kwenye nyusi, kwenye lenzi, kila mahali isipokuwa chini. Jipsamu ya dari ilitulia vizuri sana, ila ikishakauka huwezi kuweka unyayo, na watu tisa wanaotembea kwenye theluji bila kuacha nyayo ni majini, si makomando.

Bekingi soda ndiyo iliyonitesa kuliko zote, kwa sababu ilikaribia. Ukiitazama kwenye picha moja inapendeza mno. Tatizo ni kwamba kila nikisogeza mguu wa mtu, punje za pembeni zinasogea nazo. Punje tano hapa, kumi kule, jicho halioni. Ukicheza fremu kumi na mbili kwa sekunde, ardhi yote inachemka kama uji jikoni. Nimefuta sekunde kumi na tisa kwa sababu hiyo. Nilijaribu kuipulizia maji yenye gundi ya mbao, ikafanya gamba linalopasuka. Nilijaribu kusogeza miguu kwa kibanio cha nyusi, nikishikilia pumzi. Pumzi ndiyo inayochafua, nawaambia, kuliko hata vidole. Kuna usiku nilipiga chafya kwenye fremu ya 90 nikazima taa nikaenda kulala bila kula.

Chumvi niliijaribu mwisho kwa kukata tamaa. Chumvi ya mawe, ile ya mashambani kwetu, isiyosafishwa. Mama aliona mfuko umepungua.

"Mwanangu, hii chumvi ya kula au ya kuchezea?"

"Mama, hiyo ni theluji."

"Theluji kilo mbili?"

Kufika asubuhi ilikuwa imelowa. Mnajua hewa yetu ilivyo: chumvi safi yenyewe huanza kuvuta maji unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na hii ya mawe ina magnesiamu ndani yake, haisubiri hata kufika huko. Punje zilikuwa zimeshikana, zinang'aa, nzito. Nikatukana, nikaifagia kwenye beseni nyuma ya mlango, nikarudi kwenye bekingi soda.

Halafu juzi natafuta kitu kingine kabisa, namna walivyopanda ule ukingo, nikakutana na jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara tatu bila kulisikia. Usiku ule ulivuma upepo wa joto. Theluji ilikuwa inayeyuka! Barafu ya mtoni ilikuwa imeanza kuachia, maji yanapita juu yake, na jamaa wakavuka wakiwa na wasiwasi kama itakuwepo wakati wa kurudi. Theluji ya usiku ule haikuwa unga hata kidogo. Ilikuwa nzito, imelowa, imeshikana.

Yaani ilikuwa kwenye beseni, nyuma ya mlango.

Sasa utaratibu, kwa wanaotaka. Chini jipsamu ngumu, iliyochongwa vilima na kupakwa gundi. Juu yake chumvi ya mawe iliyotwangwa nusu, kimo cha milimita nne tu. Usipulizie maji, acha dirisha wazi usiku mmoja, bahari ifanye kazi yake. Asubuhi unachonga kifutio cha penseli kwa umbo la soli, unagandamiza, unyayo unabaki hapo na kingo zake zote. Unaweza kuinua mguu, kuuweka, kuuinua tena, na jirani yake haitikisiki. Taa ikipigwa kwa pembeni kupitia mfuko wa plastiki wa bluu, inametameta kama kitu kinachotaka kuyeyuka. Kwa mwanga wa kurudisha natumia kioo cha kunyolea. Rjukan kwenyewe bonde linakosa jua miezi kama sita kwa mwaka, na mwaka 2013 waliweka vioo vitatu mlimani vya kuwarushia jua uwanjani, kwa hiyo najiona niko kwenye mstari.

Hasara ipo. Waya wa bainding niliotumia kwa miguu umeota kutu kwa siku tatu. Komando wa nne alivunjika kifundo katikati ya hatua. Nimebadilisha miguu yote kwa shaba ya waya wa umeme na kuipaka rangi ya kucha. Msitumie waya wa chuma kwenye chumvi. Msitumie.

Na huku tukiwa kwenye vifaa: simu inayojirekebishia mwanga yenyewe ni adui. Kamera ya zamani ambayo unaifunga kila kitu kwa mkono, hata kama kioo chake kimepasuka kama changu, inaishinda simu mpya ya bei ya pikipiki. Joachim Rønneberg, kiongozi wao, ananielewa. Alipita mbele ya duka la vifaa Cambridge, akaona mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, akaununua mwenyewe. Ndio uliokata kufuli ya geti kule kiwandani, kimya, badala ya kukereza kwa msumeno huku walinzi wanasikiliza. Chombo kimoja kizuri ulichokichagua mwenyewe.

Ratiba inasema kesho ni geti na ule mkasi, kisha watu wawili wanapita kwa tumbo kwenye njia ya nyaya, kisha chumba cha matangi kumi na nane ya maji mazito. Matangi tayari; ni vifuniko vya kalamu.

Lakini sitapiga geti kesho. Kuna mlinzi wa zamu ya usiku, Mnorwei, waliyemkuta chumbani humo. Vilipuzi vimeshapangwa, Rønneberg amekata utambi wa dakika mbili ubaki wa sekunde thelathini, na yule mzee anasema hajui miwani yake iko wapi. Vitani miwani haikuwa kitu cha kupata kirahisi. Wakasimama wakamtafutia! Sijui nilipangaje filamu nzima bila tukio hilo. Sasa ndiyo moyo wake, na geti litasubiri.

Tangu saa nne usiku, kati ya fremu na fremu, nimekuwa nikitengeneza hiyo miwani. Nimefungua spika ya visikizio vilivyokufa, nikachukua ule uzi wa shaba mwembamba kama unywele, nikauzungusha kwenye njiti ya meno mara mbili, duara mbili za milimita nne. Tone la gundi safi kwenye kila duara linakauka kuwa kioo. Ya kushoto imetoka vizuri ajabu, hata inakuza maandishi.

Ya kulia ilikuwa kwenye ncha ya kibanio dakika ishirini zilizopita. Nimeshapiga tochi chini ya meza, nimepekua chumvi upande wa daraja, na sasa nahamia kwenye zulia.