Baada ya Eda, Bahari

Nilitoka eda siku ya Jumatano, na asubuhi iliyofuata nilifungua mlango wa uani nikatambua kwamba sikuwa na pa kwenda. Kwa miaka mingi siku yangu ilipangwa na mambo mengine, kwanza kengele ya shule, kisha, nilipostaafu, saa za dawa za mume wangu. Sasa miezi 4 na siku 10 za ukimya zilikuwa zimekwisha, na hapakuwa na kengele wala mgonjwa. Wanangu walitaka nihamie mjini nikae na wajukuu, nami nakiri kwamba nilikaribia kukubali, kwa kuwa mjane anayelea wajukuu haulizwi na mtu anashughulika na nini.

Fursa iliyonijia haikuwa na sura ya fursa. Hapa kwetu Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, mwani ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na mimi, mwalimu kijana wakati huo, niliwatazama wanawake wenzangu wakipanda kutoka pwani na magunia yanayochuruzika maji kichwani, nikajihesabu kuwa nimeokoka. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye nilimfundisha hesabu asiipende hata siku moja, aliponiambia kwamba kamba 20 za kupandia mwani za dada yake aliyeolewa Pemba zimekaa bure, nilimshukuru kwa adabu nikageuza mazungumzo. Wiki mbili baadaye bamvua liliingia, nikamfuata.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hupwa mbali, mashamba yakabaki wazi kwa saa chache, na kazi yote ya kupanda, kusafisha na kuvuna hubanwa humo. Kamba hutandazwa baina ya vijiti viwili vilivyopigwa mchangani, na kila kipande cha mbegu hufungwa kwa kijikamba chembamba. Siku ya kwanza nilifunga kwa nguvu zangu zote, nikiona fahari kwamba hakuna wimbi litakaloning'olea. Bamvua lililofuata nilikuta karibu nusu ya kamba zangu tupu: kijikamba kilikuwa kimekata shina, na mwani umekwenda na maji.

“Mwalimu, umeukaba,” aliniambia yule binti, ambaye leo ni mama wa watoto wanne. “Legeza, lakini usiuache ukacheza.” Kisha alinishika vidole, akanifungia fundo polepole, kama nilivyowahi kumshika yeye kalamu. Niliona haya. Nadhani haya hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko jua, chumvi na maumivu ya kiuno, maana nilikuwa nimezoea kuwa mtu anayejua.

Sitaki kumdanganya msomaji kuhusu fedha. Mwani huchukua takriban wiki 6 kukomaa, kisha huanikwa, na ukikauka hupungua uzito hadi moyo ukakushuka. Aina tunayoipanda zaidi, spinosamu, bei yake ni ndogo. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini maji ya kina kifupi yamekuwa na joto isiloweza kulistahimili, ikawa inakufa. Kuifuata kwenye kina kirefu kunahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wetu tumezaliwa hatua chache kutoka baharini bila kujua kuogelea. Mimi ni mmoja wao, na nimeanza kujifunza, jambo linalowafurahisha sana watoto wa mtaa.

Kinachonipa faida zaidi kwa sasa ni sabuni. Kikundi chetu husaga mwani mkavu, kikachanganya unga wake na mafuta ya nazi na ya karafuu, na mimi ndiye ninayeshika daftari la hesabu. Watu huniambia kwamba nimeanza maisha upya, maneno nisiyoyapenda, kwa sababu daftari ninalipiga mistari kama nilivyopiga rejista ya darasa kwa zaidi ya miaka 30, na jioni bado huweka vikombe viwili mezani kabla sijakumbuka.

Juzi mwanangu mkubwa alipiga simu kuuliza nitakwenda lini mjini kuwaona. Nilimjibu kwamba nitakwenda bamvua likiisha, naye akaridhika. Amekaa mjini siku nyingi, amesahau kwamba jingine huja baada ya wiki mbili.