Kabla hujaweka kome kwenye tangi lako la samaki
Jamani hawa kome wa maji baridi (wale wa magamba mawili, wa maji yasiyo na chumvi) watu wanawachukua wakidhani ni filta ya bure, unamtumbukiza tu kwenye tangi anasafisha maji basi, kumbe wengi wanakufa njaa polepole kwa sababu wanakula mwani mdogo mdogo na bakteria wanaoelea, na tangi safi halina hivyo vitu. Wangu wako kwenye kidimbwi cha nje, maji ya kijani kijani, chini mchanga laini, maana anajichimbia na ule mguu wake mweupe kama ulimi mpaka unabaki unaona vitundu viwili tu, kimoja kinavuta maji kingine kinatoa, aisee naweza kuwaangalia mpaka giza liingie. Ukimgusa akafunga gamba yuko poa, akibaki ameachama tu mtoe haraka sana, akioza humo amonia (sumu inayotoka kwenye uozo) inapanda na samaki wanaisha wote. Dawa za samaki zenye shaba usithubutu. Kuzaliana ndo mtihani, watoto wao wengi lazima wajishikize kwanza kwenye matamvua ya samaki, tena sio kila samaki anafaa.