Manunuzi yetu tuliyabadilisha kuanzia fomu ya ombi

Nasimamia manunuzi katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Dodoma. Wengi wakisikia uchumi mzunguko, yaani kutengeneza na kutumia tena vitu badala ya kuvitupa, huwaza mapipa ya taka na chupa za plastiki. Sisi tulianzia kwenye fomu ya ombi la manunuzi, kabla hata ya kuomba profoma, yaani ankara ya makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji.

Fomu ilikuwa na bidhaa, idadi na makadirio ya bei. Nikaongeza maswali mawili: kilichopo kina ubovu gani, na fundi gani amekikagua? Ombi la viti vya ofisi lilipokuja, tulifungua stoo. Viti vingi vilikuwa vimekosa kitu kimoja tu, gurudumu au bomba la gesi linalopandisha kiti. Fundi akachomoa vipuri kwenye vile vilivyokufa kabisa akafufua vingine, na fundi makochi akashona upya vitambaa. Vipya tulinunua vichache mno.

Kompyuta zilihitaji akili zaidi. Kiangazi cha huku upepo hujaza vumbi kwenye feni hadi mashine inachemka, kwa hiyo usafishaji tuliuingiza kwenye mkataba wa matengenezo. Windows 10, programu endeshi ya kompyuta zetu, ilipofikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, mashine zetu za zamani ambazo hazikukidhi masharti ya Windows 11 tuliziwekea Linux, programu endeshi nyingine. Kwa barua na majedwali zinatosha kabisa. Za kununua, vigezo vikasema wazi: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski vibadilishike, kwa sababu laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao, betri itoke kwa skrubu, vipuri vipatikane nchini kwa miaka mitano. Printa ziwe za tangi la wino linalojazwa tena.

Mhasibu wetu, mama makini sana, aliniuliza, “Mwanangu, mkaguzi akiuliza kwa nini hatukuchukua bei ya chini?” Swali la haki. Nilimwonyesha kwamba bei ya kununua, wino, umeme na matengenezo vyote viliandikwa kuwa sehemu ya tathmini kabla zabuni haijatangazwa, kila mzabuni akavisoma. Hapo akasaini.

Sharti gumu limekuwa la kuwataka wazabuni wachukue tena vilivyochakaa. Wazabuni wadogo hawana pa kupeleka betri mbovu, na kuwalazimisha tu ni kuzihamishia dampo. Kwa sasa wanachukua tena maboksi na mapaleti ya kupangia mizigo tu. Betri tunazitunza stoo, mahali pakavu, mpaka tumpate mkusanyaji mwenye kibali.